Tehanu na Mgawanyiko wa Wasomaji

Riwaya ya kifantasia Tehanu ya Ursula K. Le Guin ilichapishwa mwaka 1990, miaka 18 baada ya The Farthest Shore, nayo iliwagawanya wasomaji wa mfululizo wa Earthsea. Mhusika mkuu si Ged tena, mchawi aliyepoteza nguvu zake, bali ni Tenar, mjane wa mkulima, anayemlea mtoto aliyechomwa moto. Baadhi ya waliozoea safari za baharini na majoka walilalamika kwamba ufeministi umeivamia hadithi. Wengine walifurahi kuona kazi za nyumbani zikipewa uzito uliokuwa wa uchawi pekee. Lawama hiyo haina mashiko sana: Ged aliishiwa nguvu katika kitabu cha 1972, alipoziba ufa baina ya walio hai na wafu. Tehanu inauliza tu ataishije.