Sumu Isiyoonekana Katika Tangi la Samaki

Tangi la samaki ni pambo lenye kuituliza nafsi. Mzee hulitazama akapumzika, na mtoto hujifunza mbele yake kumlea kiumbe aliye dhaifu kuliko yeye. Lakini aghalabu furaha hiyo haidumu. Tangi hununuliwa leo, hujazwa maji leo, na samaki sita hutiwa leo hiyo hiyo. Baada ya siku chache mmoja huelea juu akiwa amekufa, kesho yake wa pili, na watu wa nyumba hubaki wakiulizana: maji ni maangavu, chakula hakikukosekana, basi kimewaua nini? Kabla ya kumshuku muuzaji au jicho la mgeni, ni vyema tuyapime maji.

Kikulacho ki nguoni mwako

Muuaji mara nyingi ni amonia, nayo hutoka kwa samaki wenyewe. Samaki huitoa kupitia mashavu yake, na kinyesi, chakula kilichosalia na majani yaliyooza huizidisha. Baharini au mtoni taka hiyo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya tangi la lita 40 haina pa kwenda. Haina rangi, na kwa kiasi kinachomdhuru samaki, pua ya binadamu haiinusi. Ndiyo maana maji yaweza kung'aa ilhali yanaua.

Samaki aliyedhurika huja juu akihema, mashavu yake huwa mekundu, hubana mapezi, na hukataa chakula. Zikionekana dalili hizi, sumu imekwisha kumfikia.

Subira ya wiki kadhaa

Tangi lililokomaa lina walinzi wake, nao ni bakteria wanaokaa katika sifongo la kichujio na katika changarawe. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa maji hubadilishwa kila mara. Walinzi hawa hawapatikani kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, na wakati mwingine zaidi, kuongezeka hadi watosheleze.

Kwa hiyo, aliye na tangi jipya alijaze maji, awashe kichujio, na kila siku atie chembe chache za chakula zioze pasi na samaki yeyote ndani. Apime mara kwa mara. Amonia itapanda kisha ishuke, na nitriti vivyo hivyo. Zote mbili zikisoma sifuri, aanze na samaki wawili, kisha aongeze kidogo kidogo.

Namna ya kupima

Vifaa vya kupimia amonia huuzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Vya matone huaminika zaidi kuliko vya karatasi. Hutiwa maji ya tangi katika kichupa mpaka kwenye alama, yakaongezwa matone kwa idadi iliyoandikwa, kikatikiswa, kisha hungojewa dakika zilizotajwa. Rangi hulinganishwa na kadi katika mwanga wa mchana. Katika vifaa vingi njano ni sifuri, na kila kijani kinapokolea ndipo amonia inapozidi. Matone hayo ni kemikali. Yawekwe mbali na watoto wadogo.

Kwetu pwani lipo jambo la kuzingatiwa zaidi. Amonia majini ina sura mbili, moja kali na nyingine hafifu, na kinachoamua ipi izidi ni joto pamoja na pH ya maji. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu kali haifiki hata 1 katika 100. pH ikipanda hadi 8, hufika takriban 5 katika 100. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake aghalabu huwa na chokaa na pH iliyozidi 7. Basi kipimo ambacho kingevumilika kwingine, kwetu chaweza kuua.

Ikipanda, fanya haya

Kipimo salama ni sifuri. Kikisoma robo ya miligramu kwa lita, chukua hadhari. Kikifika miligramu 1, usingoje kesho. Badilisha theluthi hadi nusu ya maji kwa maji yenye joto linalolingana. Maji ya bomba yenye klorini yatiwe dawa ya kuiondoa, kwani klorini huwadhuru samaki na kuwaua bakteria. Ondoa mabaki na aliyekufa, simamisha chakula kwa siku moja au mbili, ongeza hewa, na upime tena kesho yake.

Sifongo la kichujio lisioshwe kwa maji ya bomba wala sabuni. Likamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ili walinzi wasifagiliwe pamoja na uchafu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hao hukosa oksijeni na huanza kufa, ukirudi, pima. Ama chakula, kitolewe kile kinachomalizwa kwa dakika mbili tu. Na maji yaliyotolewa tangini, ikiwa hayakutiwa chumvi wala dawa ya samaki, yasimwagwe ovyo, kwani asumini na mrihani wa uani huyapenda.

Samaki hana sauti ya kulalamika, wala hawezi kuhama maji yanapomchoma. Aliyemfungia ndani ya kioo amejitwika dhamana yake. Mama au baba na apange siku moja ya wiki ya kupima maji pamoja na watoto, wao wakihesabu matone na kusoma rangi. Watajifunza kwamba kumpenda kiumbe ni kuichunguza hali yake kabla hajadhurika.