Mgongo wa Mkulima na Pumzi ya Rozari

Mtu anayepalilia mahindi kwa jembe la mkono katika kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, akiambiwa anahitaji mazoezi atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya kiasi kila wiki. Mkulima wa Katavi humaliza dakika hizo kwa siku moja ya masika. Kwa hiyo anayemletea habari za yoga, yaani mazoezi ya mikao na pumzi, asianze na wito wa kuacha uvivu. Aanze na mgongo.

Mtu anapoinama, misuli inayopita kandokando ya uti wa mgongo hukaza ili kumzuia asianguke mbele. Akizidi kuinama mpaka mwisho, misuli hiyo hunyamaza. Watafiti waliopima umeme wa misuli waliliona jambo hili tangu miaka ya 1950. Sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili huhamia kwenye ligamenti, yaani tishu ngumu zinazofunga pingili moja kwa nyingine. Ligamenti zikivutwa kwa saa nzima hulegea kidogo kidogo, na mtu akisimama hazirudi hapo hapo. Ndiyo maana dakika za kwanza baada ya kupalilia si wakati mzuri wa kunyanyua gunia, ingawa mara nyingi ndipo gunia linaponyanyuliwa.

Mikao mingi ya yoga hufanya kinyume cha jembe. Ulalapo kifudifudi ukainua kifua taratibu, misuli ile iliyonyamaza huamshwa na kupewa kazi. Unyooshapo nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja, siku nyingine utaweza kuinama kutoka kwenye nyonga badala ya kukunja kiuno. Fundi cherehani na dereva wa bodaboda, wanaokaa siku nzima wamejikunja, wanahitaji jambo hilo hilo.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2022 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walichambua majaribio 21 yenye washiriki 2,223 waliokuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliofanya yoga walipata nafuu kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, lakini nafuu yenyewe ilikuwa ndogo. Yoga ilipolinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti haikuonekana. Inaniuma kwamba majaribio hayo yalifanyika Marekani, Ulaya, India na Uturuki, na hakuna hata moja la Afrika. Mgongo ulioshika jembe tangu utotoni bado haujapimwa kwa namna hiyo, na vyuo vyetu vya tiba vingefaa kuifanya kazi hiyo.

Jaribio linalokaribia hali yetu ni la Boston, Marekani, lililochapishwa mwaka 2017. Watu wazima 320, wengi wao wa kipato cha chini, waligawanywa: wengine yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12, wengine mtaalamu wa fiziotherapia, wengine kitabu cha maelekezo. Yoga haikuzidiwa na fiziotherapia, na katika makundi yote mawili watu wanaomeza dawa za maumivu walipungua kuliko katika kundi la kitabu. Hilo lina uzito kwetu. Diklofenaki hununuliwa duka la dawa kama pipi, wakati ikimezwa kwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha.

Kuna swali ambalo watu wa dini huuliza, nalo ni la haki: je, yoga ni ibada? Asili yake ni India, ndani ya dini za huko, na hilo halifichiki. Hata hivyo mikao na pumzi vinaweza kufanywa bila dua yoyote. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, matokeo ya watu 23 wenye afya waliosali rozari kwa Kilatini na pia wakatamka mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu 6 kwa dakika. Mwendo huo hukutana na wimbi la asili la shinikizo la damu, linalopanda na kushuka kila sekunde 10 hivi. Vipokezi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo huwa vyepesi zaidi kuhisi mabadiliko, na neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, huupunguzia moyo kasi kila mtu anapotoa pumzi. Mpanda ni makao ya jimbo Katoliki. Bibi anayesali rozari kwa utulivu jioni huenda tayari anaipata sehemu hii ya faida.

Vifaa si kikwazo. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limefundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, na darasa huhitaji sakafu na mkeka tu. Siku ya Yoga Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, ni Juni 21, wakati ambapo Katavi mvua zimekatika na kazi ya palizi imekwisha. Kwa kuanza, dakika 15 jioni zinatosha, bila kulazimisha kiungo kinachouma. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa presha ya macho asijaribu mikao ya kichwa chini, wala asiache vidonge vyake.

Na si kila mgongo ni wa mkeka. Maumivu yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho dawa zake hutolewa bure. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukitoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.