Pikapu Kuukuu na Mteremko wa Soni

Leo hatusemi habari za mbegu wala mbolea. Utauliza, bwana shamba na gari wapi na wapi? Lakini kabichi iliyolimwa vizuri kule Lukozi haijawa fedha mpaka ifike sokoni, na katikati pana njia. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika safari hiyo fupi gari linateremka karibu mita 1,000. Kona za Soni unazijua mwenyewe. Gari la kushuka pale na mzigo halitakiwi kuwa na magurudumu ya mbele yanayocheza.

Pikapu zetu nyingi ni kuukuu. Uzee wa gari si kosa, ila lazima ujue kipi kimelika. Ukiona usukani umelegea, gari linavuta upande mmoja, linagonga ko-ko-ko kila likipita shimo, au tairi la mbele limeliwa ukingo mmoja tu, basi pana kitu kimekwisha. Kukitafuta si kazi ya fundi peke yake.

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha piga jeki. Pikapu nyingi za zamani zina mikono miwili kwa kila gurudumu la mbele, wa juu na wa chini. Ikiwa springi inakaa kwenye mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu. Ukiinua kwa fremu, springi itaukaza mkono, na boljointi mbovu itajificha uione nzima. Wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Weka stendi ya chuma au gogo nene lisiloyumba.

Sasa shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzio akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, beringi ya gurudumu imelegea. Usipoisha, ni boljointi, au kingipini kwa magari ya zamani zaidi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza namna hiyo tu, tazama tairodi endi. Shokapu haihitaji jeki: kandamiza bodi juu ya gurudumu, achia. Likipanda na kutulia, ni nzima. Likiendelea kunesanesa kama kitanda cha springi, au ukiona oili imechuruzika, imekufa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fedha ni kidogo, gari linarusha, basi mtu ananunua shokapu mpya na boljointi anaiacha. Shokapu mbovu inakula matairi na kuchelewesha gari kusimama. Ni mbaya, kweli. Lakini boljointi ikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Fikiri hayo yatokee kwenye kona ya Soni, na vijana wawili wameketi juu ya magunia ya viazi! (Hawatakiwi kukaa huko hata gari likiwa jipya.) Kwa hiyo anza na boljointi na tairodi, halafu beringi, halafu shokapu na bushi.

Wapo mafundi watakaokuambia boljointi inachomelewa. Kataa. Moto unaharibu ugumu wa chuma na kuunguza grisi ya ndani, na siku ya kukatika haitoi taarifa. Spea ya namna hii hununuliwa mpya, na spliti pini nayo mpya, si ya kunyooshwa kwa nyundo. Tairodi endi ikifunguliwa, fundi ahesabu mizunguko anayoifungua, ili mpya iingie kwa mizunguko ileile. Hata hivyo magurudumu yapimwe alaimenti baadaye, la sivyo tairi jipya litaliwa upesi. Shokapu zibadilishwe mbili pamoja, kushoto na kulia. Na bushi za mpira, nati zake zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejinyonga na kupasuka mapema. Jambo hili dogo mafundi wengi hawalijali, simama pale uangalie.

Je, spea haijapatikana na nyanya zinaiva? Kama ni boljointi au tairodi, kodi gari la mwenzio, hata faida ikipungua. Kama ni shokapu au bushi, unaweza kwenda polepole na nusu ya mzigo. Panga mizito chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ikirundikwa mkiani inainua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi. Teremka kwa gia ndogo uliyoiingiza kabla ya mteremko, usiache gari lijiendee nyutro, wala usikalie breki mpaka zinuke. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Shimo likishindwa kukwepeka, kanyaga breki mapema, halafu achia kabla gurudumu halijaingia. Wakati wa masika, tope likikauka kwenye mikono ya mbele, lioshe utazame raba za boljointi: iliyopasuka inaingiza maji na mchanga.

Na ukishatengeneza, baada ya safari ya kwanza ya mzigo, kaza tena nati za magurudumu.