Safari ya Kuwaona Nyangumi wa Kaskazini: Mama Ajiandae Vipi?

Wako akina mama miongoni mwetu wenye watoto au ndugu wanaoishi Norway. Wanapokwenda kuwatembelea wakati wa majira ya joto, huenda wakaalikwa kupanda boti ili kuwaangalia nyangumi. Ni matembezi mazuri, lakini bahari ile si kama ya Tanga au Mombasa. Sisi wauguzi tungependa mama ayafahamu mambo machache kabla ya kukata tiketi.

Andenes ni mji mdogo unaojulikana sana kwa safari hizo. Uko katika kisiwa cha Andøya, mbali kaskazini, ambako kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami. Karibu na pwani yake bahari ina kilindi kirefu, na humo nyangumi wakubwa wenye vichwa vipana hutafuta ngisi na samaki. Dume aliyekomaa aweza kufikia urefu wa mita 16 na uzito wa tani 40. Waongozaji hushusha chombo majini na kusikiliza sauti yake. Akiibuka, hupumua kwa dakika chache, kisha huinua mkia na kuzama tena kwa nusu saa au zaidi.

Lipo jambo linalotugusa sisi akina mama. Nyangumi wa aina hiyo wanaoonekana Andenes karibu wote ni madume. Majike hubaki na watoto wao katika bahari zenye joto, mbali sana na huko. Mama akizamia kutafuta chakula mahali ambapo mtoto hawezi kumfuata, majike wenzake hubaki juu na kumlinda mtoto huyo.

Je, ni nani asipande? Boti ndogo za mpira ziendazo kasi hurukaruka juu ya mawimbi na kuutikisa mwili vibaya. Kwa kawaida wenye boti hizo hawawapokei wajawazito, watoto wadogo na wenye maumivu ya mgongo. Dada, usifiche ujauzito wako kwa kuogopa kuachwa. Meli kubwa yenye chumba cha ndani ni afadhali, lakini mwulize daktari kwanza. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kisukari afanye vivyo hivyo, na dawa zake aziweke katika mkoba wa mkononi.

Baridi nayo isidharauliwe. Hata Julai maji ya huko huwa kama nyuzi 10 tu. Mtu akitumbukia, mwili hushtuka naye huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, hivyo aweza kunywa maji mara moja. Ndiyo maana hata mwogeleaji hodari anahitaji jaketi la kujiokolea. La mtoto liwe la kipimo chake, na mama ahakikishe mwenyewe kwamba mikanda yote imefungwa. Ndani mvae nguo za sufu, juu koti lisilopitisha upepo wala maji. Nguo ya pamba ikilowa huupoza mwili. Msisahau kofia na glavu.

Kuhusu kichefuchefu, kuleni chakula chepesi kabla ya kuondoka. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasipewe dawa hiyo bila ushauri wa daktari au mfamasia. Ketini katikati ya chombo, mkatazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu.

Mkiwa na mtoto mchanga, baba na mama waweza kupeana zamu: mmoja aende leo, mwingine kesho. Na bahari ikichafuka nahodha akaahirisha safari, msimlazimishe. Afadhali kurudi nyumbani bila kumwona nyangumi, mradi familia yote irudi salama.