Presha na sukari Bwiza: kipimo cha bei nafuu na nafasi ya mitishamba

Presha na kisukari huanza kimyakimya. Mtu hubeba mizigo sokoni, hupika, husali, hulea wajukuu, na kwa miaka yote hiyo mishipa yake inaumia bila yeye kuhisi chochote. Bwiza, mtaa wa zamani wa Bujumbura uliopakana na Buyenzi, ambako Kiswahili na Kirundi huchanganyika kila baraza, wengi huujua ugonjwa wao siku wanapoanguka: upande mmoja wa mwili umepooza, macho yameingia ukungu, kidonda cha mguu kimekataa kupona. Ikifika hapo, familia huuza alichonacho mgonjwa ili kulipia kitanda cha hospitali. Kipimo ambacho kingeuonyesha ugonjwa miaka kumi kabla huchukua dakika chache tu.

Presha hupimwa kwa mkanda wa mkononi. Bujumbura wengi husoma kipimo hicho kwa desturi ya Kifaransa, "14 kwa 9", na maana yake ni 140 kwa 90, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa presha kikionekana katika siku mbili tofauti. Siku mbili ni za lazima, kwa sababu kikombe cha kahawa, mwendo wa haraka juani au ugomvi wa nyumbani hupandisha namba kwa muda. Mpimwaji akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea kiti, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze. Anayepimwa akiwa amesimama mlangoni, huku akihema, anaweza kupewa dawa asizozihitaji.

Sukari hupimwa kwa tone la damu la kidole au la mshipa, baada ya kukaa bila kula chochote kwa saa nane hivi. Karatasi ya maabara inaweza kuandikwa kwa namna tatu, na hilo huwachanganya watu wengi: miligramu 126 kwa desilita, gramu 1.26 kwa lita, au milimoli 7 kwa lita. Zote tatu ni namba moja, na kuanzia hapo ndipo kisukari huhesabiwa. Asiye na dalili yoyote hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Kwa aliyekwisha kujulikana kuwa na presha au sukari, kipimo cha mkojo kinachotafuta protini ni cha thamani kubwa, maana huonyesha figo zinazoanza kuchoka wakati bado zinaweza kulindwa.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachomhitaji daktari bingwa. Ndiyo maana ni busara kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, kuuliza bei kabla ya kutoa mkono, na kuandikiwa matokeo yote katika daftari moja linalotunzwa. Hospitali ya Prince Régent Charles iko jirani, na ya Chuo Kikuu iko Kamenge. Anayefika huko akiwa na daftari lake huenda akaepuka kulipia upya kipimo alichokwisha kufanyiwa.

Kwenye malipo, Burundi imesaidia baadhi ya watu kuliko wengine. Tangu Mei 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika vituo vya umma. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya Ukimwi nazo hutolewa bure. Watumishi wa serikali wana bima yao, inayobeba sehemu kubwa ya gharama. Kwa fundi cherehani, mchuuzi na dereva wa teksi iko kadi ya msaada wa matibabu, iliyoanzishwa 1984 na kufufuliwa 2012 kwa ada ya faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, ili mgonjwa abaki na asilimia 20 ya gharama. Lakini kadi haileti dawa pale ambapo rafu ya kituo ni tupu, na mgonjwa wa presha huhitaji kidonge kila siku ya maisha yake. Mtu mzima wa miaka hamsini ndiye aliyesahaulika zaidi katika mipango hii yote, na ni haki kulisema wazi. Kinachompunguzia mzigo ni kumwomba daktari aandike jina la dawa yenyewe, kwa mfano amlodipini au metformini, badala ya jina la kampuni. Dawa ni ileile, na bei mara nyingi huwa chini sana.

Tiba ya asili yenye nguvu kuliko zote kwa magonjwa haya iko jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyojificha kwenye vipande vya kiungo cha mchuzi na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Maharage, ambayo Warundi hula karibu kila siku, ni bahati kubwa: sukari yake huingia kwenye damu polepole. Sahani ikijazwa maharage na lengalenga, ugali wa muhogo ukawa kidogo, mgonjwa wa sukari amekula vizuri bila kununua chakula cha pekee. Fanta, chai ya vijiko vinne vya sukari na bia za jioni ndizo za kupunguza kwanza. Kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku hushusha presha na sukari pia.

Mitishamba inastahili heshima na inastahili kuulizwa maswali. Umuravumba, unaopandwa nyuani mwa nyumba nyingi Burundi na Rwanda, ulichunguzwa na watafiti nchini Rwanda katika miaka ya 1980, wakapata ndani yake kemikali inayoua vijidudu. Metformini yenyewe ina asili ya mmea wa Ulaya uitwao Galega, na ilianza kupewa wagonjwa wa kisukari huko Ufaransa mwaka 1957. Kati ya jani na kidonge ipo kazi ndefu ya kujua kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru, na majani mengi yanayouzwa sokoni hayajafanyiwa kazi hiyo. Umubirizi na majani mengine machungu huweza kushusha sukari. Yakinywewa pamoja na vidonge, sukari inaweza kuanguka ghafla, mgonjwa akatetemeka, akatoka jasho na kupoteza fahamu. Baadhi ya mizizi huharibu figo, na figo za mgonjwa wa kisukari tayari ziko hatarini. Kwa hiyo anayekunywa dawa ya miti amwambie daktari bila aibu, na daktari amsikilize bila kumkemea, kwa sababu mgonjwa aliyekemewa mara moja huficha mara zote zinazofuata.

Afrika Mashariki ilipata funzo zito mwaka 2011, pale maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilisemwa kutibu kisukari, presha, pumu, saratani na Ukimwi. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakarudi hospitali wakiwa hoi. Mganga wa mitishamba anayeaminika hujulikana kwa mambo machache: hamwachishi mtu dawa za hospitali, hadai kutibu kila ugonjwa, na hukubali mgonjwa akapimwe kabla na baada ya dawa yake.

Mtoto au kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini hana mbadala wa sindano, wala jani wala mlo. Na Waislamu wa Bwiza na Buyenzi wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, ili saa na kiasi cha dawa vipangwe upya, au waambiwe kwamba mwaka huu wao ni miongoni mwa wagonjwa walioruhusiwa kula.