Kumi, Ishirini, Thelathini: Kranki ya Gari la Zamani

Peugeot 504 ikishapita Ahero na kuanza kuukwea mlima wa kwenda Kericho, hapo ndipo injini husema ukweli wake. Nyanda za Kano ziko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa chai unakaribia mita 2,000. Katikati ya mwinuko huo, dereva akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini, huanza kusikia mlio mzito chini ya miguu: ko, ko, ko. Mlima ukizidi, nao unazidi. Fundi wa Kisumu hahitaji kufungua boneti ili ajue kuna nini. Gari limenoki.

Kinachogonga kiko ndani kabisa. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, lakini magurudumu yanataka kuzungushwa, si kupandishwa na kushushwa. Kazi ya kuugeuza mwendo huo ni ya krankishafti, chuma kilichojipinda kwa mahesabu, ambacho mafundi hukiita kranki tu. Kina sehemu za mviringo zilizong'aa, tuseme shingo zake, na kila shingo hukumbatiwa na beringi ya vipande viwili, mfano wa ganda la karanga lililopasuliwa katikati. Chuma na beringi havitakiwi kugusana kamwe. Kati yao hupita utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, kwa oili kuukuu, pampu iliyochoka au dereva aliyepuuza taa nyekundu, chuma hula chuma.

504 inafaa kuwa mfano, maana si ngeni katika ukanda huu. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi zile ndefu zenye safu tatu za viti zilibeba abiria kati ya Kisumu na Nairobi. Watu waliziita Pijo, basi. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971 ina pistoni nne, kila moja ikisafiri milimita 81. Kranki yake ina shingo tisa: tano za kuishikilia ndani ya bloku, na nne zinazoshikwa na konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha kranki na pistoni. Tisa hizo zote hupimwa.

Kwa nini shingo haichakai sawasawa? Kwa sababu haipigwi sawasawa. Kila mafuta yanapolipuka, konrodi huisukuma upande uleule, mamilioni ya mara, mpaka duara linakuwa yai. Macho hayalioni yai hilo, lakini maikromita huliona. Fundi hupima shingo moja mara kadhaa, juu kwa chini kisha kushoto kwa kulia, halafu mwanzo na mwisho wake, na tofauti ya vipimo ndiyo humwambia kama kranki inahitaji kusagwa.

Kabla ya kuisaga, huitafuta ufa. Karakana zenye uwezo huitia kranki sumaku na kuinyunyizia unga wa chuma, na unga hujipanga penye ufa. Asiye na mashine hiyo ana njia yake ya miaka mingi: huipaka mafuta ya taa, huyafuta hadi pakauke, kisha hupaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi nje taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Kranki yenye mstari huo haina dawa.

Wengi hudhani kazi hii ni ya kerezo. La. Kerezo hukata kwa kisu, na kisu huacha mikwaruzo juu ya chuma kigumu namna hiyo. Kranki husagwa kwa jiwe pana linalozunguka kwa kasi, huku maji yenye dawa yakimwagika ili chuma kisipate moto. Shingo kuu ni rahisi kidogo, kwa kuwa ziko kwenye mstari wa katikati. Za konrodi ndizo humtoa fundi jasho: lazima kranki nzima ifungwe kando ya kitovu chake, milimita 40.5 kwa hiyo 504, ili shingo moja izunguke mahali pake wakati mwili wote uliobaki unapiga duara kubwa hewani.

Halafu kuna pembe. Shingo inapokutana na ukuta wake hapatakiwi kona kali. Panatakiwa mviringo mdogo, na jiwe lazima lichongwe kuufuata. Fundi mwenye haraka huuacha, na kranki hutoka ikimeremeta, vipimo vyote sawa. Baada ya muda huvunjika palepale, kwenye ile kona. Kati ya makosa yote ya kazi hii, hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa mwenye gari hawezi kuliona anapolipia.

Magari ya Kiingereza, kama Land Rover za zamani, huhesabiwa kwa elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Kila hatua ni robo milimita inayoondolewa, na beringi nene zaidi huwekwa kujaza pengo. Wafaransa huhesabu kwa milimita, ila wazo ni lilelile. Baada ya arobaini, yaani milimita moja tu, kwa kawaida kranki imefika mwisho, labda ijazwe chuma kwa kulehemu na kusagwa upya, kazi ghali na yenye hatari ya kuipinda. Ndiyo maana fundi mzoefu hagusi jiwe kabla beringi hazijafika mkononi mwake. Akisaga ishirini na dukani zikabaki za thelathini tu, amepoteza robo milimita bure, na kwa gari la nusu karne robo hiyo hairudi.

Idadi ya shingo nayo ina hadithi. Kranki ya Land Rover ya lita 2.25 ilishikiliwa sehemu tatu tu hadi mwaka 1980, ilipoongezwa zikawa tano. Ubao juu ya mawe matatu hunepa kuliko ubao juu ya mawe matano. Kranki ni vivyo hivyo. Hata katika mbio za magari ni hivyo: dereva Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliposhinda Safari Rally ya 1965 pamoja na nduguye Jaswant, walikuwa ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Injini yake, B18, ilikuwa na shingo kuu tano, wakati ile iliyoitangulia ilikuwa na tatu. Dereva alisifiwa, na kwa haki, lakini barabara zile zilizijaribu pia kranki.

Kisumu yenyewe ilizoea chuma mapema. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilifika kutoka Uingereza vipandevipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1900, hata kabla reli haijafika mwishoni mwa 1901. Bandari, reli na baadaye viwanda vya sukari, kuanzia Miwani mwaka 1922, vilihitaji watu wa kupima, kukereza na kusaga.

Kazi ya kusaga kranki ikiisha, matundu ya oili husafishwa kwa waya na upepo, shingo hung'arishwa kwa msasa laini, na namba hugongwa ubavuni: 10 kwa shingo kuu, 20 kwa za konrodi, au vyovyote ilivyokuwa, ili fundi atakayeifungua miaka ijayo asibahatishe. Kisha kranki hupakwa oili na kusimamishwa wima pembeni. Mafundi wengi huamini kwamba ikilazwa vibaya kwa miezi, uzito wake wenyewe unaweza kuipinda.