Kalemie–Bendera: safari ya kusaka hazina ambapo mtoto haokoti kitu

Kila mzazi wa mashariki mwa Kongo amewahi kumwambia mtoto wake: ukiona chini kitu usichokijua, usikiguse. Lakini kuna mchezo unaopendwa na familia nyingi duniani unaomwambia mtoto kinyume chake: tafuta kitu kilichofichwa porini, kichukue, kifungue. Je, familia ya Kalemie inaweza kuucheza ikisafiri kwenda Bendera? Inaweza, kwa sharti moja: mchezo usiwe na kisanduku cha kuokota.

Mchezo huo, jiokeshingi, ulianza Mei 2000. Siku hizo Marekani iliacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Kabla ya hapo kifaa kiliweza kukosea hadi meta 100. Baada ya hapo, meta chache tu. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Ndani aliweka daftari, kalamu, vitu vidogo, mkebe wa maharagwe na hata manati. Sheria ilikuwa rahisi: anayeipata achukue kitu, aache kingine, aandike jina lake. Ndani ya siku chache ilikuwa imepatikana. Leo kuna visanduku zaidi ya milioni 3 duniani, na mtu anavitafuta kwa simu yake.

Kwa mtoto mdogo, utamu wake unaeleweka. Safari ndefu inakuwa na kazi. Hakai tu nyuma ya gari akiuliza tutafika lini. Yeye ndiye anashika simu na kusema bado meta 40, bado meta 10.

Ila hata kwenye nchi zenye amani, kisanduku kimeleta matatizo. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akihangaika na kisanduku mtaani. Polisi walifunga mtaa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Kilikuwa cha mchezo tu.

Kwetu hatari iko upande wa pili: kinachodhaniwa ni cha kuchezea huenda ni bomu kweli. Jimbo la Tanganyika lilipitiwa na vita vya 1998 hadi 2003, na baadaye mapigano mengine. Mabaki ya silaha hayaozi. Guruneti lililolala miaka 20 kwenye majani bado linaweza kuua, na mtoto anaweza kuliona kama mpira au chuma cha kuuza.

Bendera yenyewe ina historia ya vita. Tarehe 29 Juni 1965, Wacuba na Wanyarwanda waliokuwa wakipigana upande wa waasi walishambulia kambi ya jeshi na mtambo wa umeme pale. Walishindwa. Wacuba 4 waliuawa, na daftari la mmoja wao lilipopatikana, serikali ikajua kwamba Wacuba wako nchini.

Basi mzazi afanye nini? Mchezo wenyewe una jibu. Tangu 2004 kuna aina iitwayo EarthCache, iliyoanzishwa pamoja na chama cha wanajiolojia wa Marekani. Haina kisanduku. Unafika mahali, unatazama ardhi, mwamba au maji, kisha unajibu maswali. Na barabara ya taifa namba 5, kutoka Kalemie kwenda kaskazini hadi Bendera, ina mengi ya kuuliza.

Anzia Kalemie, mto Lukuga unapotoka ziwani. Mwambie mtoto atupe jani majini na aseme linaelekea wapi. Watoto wengi hudhani mito yote huingia ziwani. Huu unatoka, na ndiyo njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka: yanakwenda Lualaba, yanakuwa mto Kongo, yanaishia baharini Atlantiki.

Kisha mwonyeshe ziwa lenyewe na umuulize linashuka hadi wapi. Sehemu yenye kina kikubwa zaidi inafika karibu meta 1,470. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Sababu ni kwamba ardhi ilipasuka na kushuka katikati, na milima ikabaki pembeni.

Milima hiyo ndiyo inayoeleza Bendera. Huko maji ya mto Kyimbi yanashuka kwa nguvu, na tangu miaka ya 1950 yanazungusha mashine za umeme. Leo mtambo huo wa SNEL una uwezo wa megawati 17 hivi. Swali la mwisho kwa mtoto: taa ya nyumbani Kalemie inawashwa na nini? Jibu ataliona kwenye waya zinazorudi kuelekea mjini, zaidi ya kilometa 100.

Kabla ya kuondoka, pima mambo matatu. Kwanza usalama: makundi ya Mai-Mai yameripotiwa zaidi ya mara moja upande wa Bendera, kwa hiyo uliza hali ya barabara siku ile ile, na ikiwa mbaya, chezeni Lukuga na kurudi nyumbani. Pili, mtambo wa umeme ni mahali nyeti: usipige picha wala kusogea bila ruhusa, na ukifika bariera simu yenye ramani iwe mfukoni. Tatu, msitoke kwenye njia inayopitwa na watu kila siku, hata kama simu inaonyesha njia fupi ya porini.

Na mtoto akiona chuma asichokijua? Asimame, asikiguse, asikirushie jiwe, arudi kwa njia aliyojia na kumwambia mtu mzima, ambaye ataarifu chifu, polisi au jeshi. Mfundishe hili kama sheria ya kwanza ya mchezo, kabla ya kumpa simu. Anayeona na kuacha ndiye amepata alama.